Imetoka Mpya, Je, Yetu Imekwisha?

Agosti ya mwaka jana binti yangu alirejea nyumbani Tanga kwa likizo ya chuo, na kabla hata begi halijafunguliwa akaniambia, "Baba, imetoka mpya." Sikuhitaji kuuliza ni nini. Mwenzake wa chumba kimoja hosteli alikuwa amenunuliwa MacBook Air ya M4, iliyoingia sokoni Machi ya mwaka huo, nyembamba, isiyo na kelele, inayoshinda mchana kutwa bila chaji. Kompyuta mpakato ya kwetu ni Dell Latitude nzito, niliyoinunua mtumba binti huyu alipoingia kidato cha tano. Kifunikoni ina alama ya stika ya ofisi fulani ya Ulaya, ambayo mpaka leo hatujafaulu kuibandua yote.

Nilijibu papo hapo, na jibu langu lilikuwa la mtu anayelinda mfuko wake kuliko la mtu aliyesikiliza. Nilimwambia kuwa kompyuta si mtindo wa baibui, na kwamba ya kwake inawaka. Akanyamaza. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Baba Watoto, na simu yako hiyo ni ya ngapi tangu tuhame Chumbageni?" Ni ya tatu. Zile mbili zilizotangulia nazo zilikuwa zinawaka.

Lililolifanya jambo hili kuwa gumu ni kwamba fedha kidogo ilikuwapo. Tulikuwa na shilingi 1,800,000 tulizoziweka kwa ajili ya macho ya mama yangu mzazi, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha mahali pa kuwatambua wajukuu kwa sauti zao. MacBook ile dukani ilikaribia 3,400,000. Muuzaji alikuwa tayari kutukopesha kiasi kilichopungua: tulipe kwa miezi 12, jumla ikizidi bei ya taslimu, na anayechelewa mwezi anaongezewa juu yake. Kifungu hicho cha mwisho kiliufunga mjadala wa mkopo nyumbani kwetu, lakini hakikuufunga mjadala wa kompyuta. Mama aliposikia akasema, "Mnunulieni mtoto. Mimi niliyokwisha kuyaona yananitosha." Yeyote aliyepata kuambiwa neno kama hilo na mzazi wake anajua kwamba ni zito kuliko kuombwa.

Siku mbili baadaye niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikamkuta binti ameiwasha kompyuta mezani, kisha ameiacha na kwenda kutia udhu. Nikadhani amesahau. Kumbe ndiyo desturi yake tangu mwaka wa kwanza: huiwasha kabla ya kuswali Alfajiri ili akimaliza aikute imeamka. Niliihesabia kwa saa ya ukutani. Dakika sita na nusu hadi kufungua faili la kwanza. Betri nayo ilikuwa ikidumu kwa dakika 40, katika hosteli ambayo umeme hukatika bila taarifa. Mwaka uliotangulia ilimgandia mbele ya darasa zima akiwasilisha kazi ya kikundi. Hayo yote hakuwa ameniambia. Alichoniambia ni kwamba imetoka mpya, kwa sababu alidhani hiyo ndiyo hoja itakayonigusa, nami nikaijibu hoja hiyo badala ya kuuliza ile aliyonayo hasa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa na maswali mawili tuliyoyafunga katika fundo moja. La kwanza ni kama mashine ya dukani ni bora kuliko ya kwetu. Hilo halina mjadala, daima itakuwa bora. La pili ni kitu gani kimeishinda ya kwetu, na kwa nini.

Tuzitazame hizo hizo MacBook Air. Ya M1 ilitoka Novemba 2020, ya M2 mwaka 2022, ya M3 Machi 2024, ya M4 Machi 2025. Tangazo la M4 halikujisifu sana kwa kuipita M3 iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, bali kwa kuipita M1 mara mbili, na zile za kale zaidi zenye prosesa za Intel mara 23. Ndivyo wauzaji wanavyopima; hulinganisha kipya na kile kilichokuwa mbali nacho ili namba ipate kutisha. Mwanafunzi wa uhasibu anayejaza majedwali, anayeandika utafiti na kusikiliza mihadhara hana mahali pa kuihisi tofauti ya M3 na M4. Na ile ya mwaka 2020 mtengenezaji wake hajaitupa, kwani mfumo wa macOS Tahoe uliotoka Septemba 2025 unaingia humo bila kipingamizi. Badiliko lililokuwa na maana zaidi kwa mnunuzi wa kawaida halikuletwa hata na jina jipya: Oktoba 2024 Apple ilipandisha RAM ya kuanzia ya MacBook Air kutoka gigabaiti 8 hadi 16. Kwa kuwa RAM ya mashine hizo imeunganishwa pamoja na prosesa yenyewe na haiongezeki, aliyenunua ya 8 ataishi na 8 hadi mwisho wake.

Basi nikaibeba Dell yetu kwa fundi mjini. Nilitarajia aniambie ninunue nyingine, maana yeye mwenyewe anauza. Akasema, "Mzee wangu, usinunue kitu kwanza." Akaiwasha, akasubiri nasi zile dakika sita na nusu, kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikafunguka orodha inayoonyesha kila sehemu ya mashine inafanya kazi kwa kiasi gani. Msomaji mwenye kompyuta ya Windows anaweza kulifanya hilo usiku huu huu, na halina gharama.

Tulichokiona kilinishangaza. Diski ilikuwa asilimia 100, ilhali hatujagusa kitu. RAM ilikuwa ya gigabaiti 4, na 3.6 zimekwisha kutumika. Prosesa, ambayo ndiyo kitu kinachosifiwa katika kila tangazo la toleo jipya, ilikuwa asilimia 12. Ilikuwa imekaa tu, ikingoja kuletewa kazi.

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba unaokwenda huku na huko kutafuta kila kipande cha habari mahali kilipowekwa. Ni kama duka lenye kijana mmoja wa ghala anayetumwa kuleta sukari, akirudi anatumwa chumvi, akirudi anatumwa mafuta, na wateja wamejaa kaunta. RAM ikiwa ndogo hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu kompyuta hukosa pa kuweka inayoyafanyia kazi, ikayarudisha diskini na kuyafuata tena baada ya nukta chache. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Habari zimo katika chipu, nazo hupatikana karibu mara moja popote zilipo. Ukiiweka katika mashine ya zamani, mara nyingi ndiyo badiliko kubwa kuliko yote utakayoyahisi.

Kuhusu betri, fundi aliandika katika kidirisha cheusi amri ya powercfg /batteryreport, ikatoka taarifa yenye namba mbili. Ya kwanza ni uwezo iliyotengenezwa nao, 62,000, na ya pili ni uwezo uliobaki, 21,000. Theluthi tu. Hakuna kuchaji kwa adabu kunakoweza kuirejesha betri ya namna hiyo.

Gharama yote ilikuwa hivi: SSD ya gigabaiti 256 shilingi 85,000, RAM ya gigabaiti 8 iliyoingia katika nafasi iliyokuwa tupu 70,000, betri 95,000, na ufundi 20,000. Jumla 270,000. Diski ya zamani hatukuitupa. Fundi aliitia katika kasha dogo lenye waya, na sasa ndimo binti anamohifadhi nakala ya utafiti wake na picha za familia. Ile betri ya kwanza, nisifiche, ilivimba katika wiki ya tatu ikainyanyua kibodi, tukairudisha kwa muuzaji baada ya mabishano nisiyotaka kuyasimulia. Betri iliyovimba haitobolewi wala haichajiwi tena. Itoe nyumbani haraka. Ya pili inafanya kazi hadi leo.

Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde 20 na kitu. Binti alipoiona kwa mara ya kwanza aliizima akaiwasha tena, kisha akamwita mama yake.

Laiti mambo yangeishia hapo ningekuwa na makala nyepesi ya kuwaambia watu watengeneze wasinunue. Lakini kuna jambo ambalo SSD hailitibu. Mashine yetu ilikuwa na Windows 10, na Microsoft iliacha kuutolea mfumo huo masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, na wengi wakaona ni uvumi mtupu. Kilichokoma ni uzibaji wa matundu: kila udhaifu unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo. Binti yangu huingilia humo humo katika akaunti yake ya benki na ya mkopo wa elimu ya juu.

Kuhamia Windows 11 kunahitaji, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha yao, ambayo kwa Intel takriban yote huanzia kizazi cha 8. Ya kwetu ni i5-6300U. Tarakimu ile ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6. (Kuanzia kizazi cha 10 ni tarakimu mbili.) Mafundi wapo wanaokiruka kizuizi hicho, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine zilizopitishwa dirishani namna hiyo. Njia tuliyoifuata ni ya muda. Tuliisajili kwa akaunti ya Microsoft katika mpango wa masasisho ya ziada, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika Oktoba 13 ya mwaka huu. Baada ya hapo itawekewa Linux, mfumo usiolipiwa, na itakuwa ya mdogo wake aliye kidato cha pili kwa kujifunza kuchapa.

Nisije nikaeleweka kwamba kila anayetaka mpya anadanganywa. Jirani yangu huchora ramani za nyumba, na picha moja ya jengo ilikuwa ikimchukua usiku mzima kukamilika. Yeye alipoifungua orodha ile ile, prosesa na kadi ya picha ndizo zilizokuwa asilimia 100, na RAM yake ilikuwa imekwisha kujazwa hadi mwisho. Hakuwa na cha kuongeza. Alinunua mpya, ghali, kwa fedha taslimu, na kwa maneno yake imekwisha kujilipa. Huyo kilichomshinda alikijua kwa jina kabla ya kuingia dukani.

Sisi tumeanza kuweka shilingi 50,000 kila mwezi tangu Septemba. Itakayonunuliwa Oktoba haitakuwa toleo jipya. Itakuwa tena mtumba wa ofisi, wa kizazi cha 8 au zaidi. Binti ameandika masharti yake katika kikaratasi na kukibandika mlangoni pa kabati: kizazi, RAM isiyopungua 16 au nafasi ya kuongeza, SSD, taarifa ya betri isomwe mbele yetu kabla ya kulipa, na isiwe imefungwa kwa nywila ya kampuni iliyoitumia mwanzo, kwa maana mashine ya namna hiyo unaweza kufika nayo nyumbani ikakataa kukutii.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia Novemba, na la kushoto linangoja zamu. Juzi alisimama mbele ya kabati akakisoma kikaratasi kile kwa sauti, neno kwa neno, kisha akauliza SSD ni mnyama gani. Mjukuu wake alivuta kiti akaanza kumweleza kuhusu yule kijana wa ghala.