Mchoro ukitembea, na mzigo uwe unatembea

MZIGO unaotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura kwa njia ya reli na ziwa hupita mikono mingi. Hupanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, hushushwa, hupakiwa melini, kisha huvuka Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Bujumbura. Ukiwa ni wa mteja wa Uvira, safari huendelea kwa lori kupitia mpaka wa Gatumba. Hatua moja ikikwama, zote zinazofuata zinasubiri.

Mfanyabiashara anayajua hayo kwa mfuko wake. Asichokijua mara nyingi ni wapi hasa mzigo umekwama. Ndiyo maana kurasa za intaneti zinazofuatilia mizigo au kueleza taratibu za forodha ni nyenzo yake ya kazi, sawa na mizani na daftari la madeni. Namna zinavyochorwa si suala la mapambo.

Njia iliyozoeleka ya kuchangamsha kurasa hizo ni video: lori linakimbia, meli inakata mawimbi, muziki unapigwa. Video kama hiyo inaweza kula megabaiti kadhaa kabla msomaji hajaona neno moja la maana. Kwa anayenunua bando la siku akiwa Gatumba au Manyovu, hizo ni fedha zilizotoka mfukoni bila faida.

Ipo njia nyepesi zaidi. CSS ni lugha ya kompyuta inayopanga rangi, herufi na nafasi katika kurasa za intaneti. Ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa mwaka 1996. Leo lugha hiyo inaweza pia kuchora maumbo na kuyatembeza. Kinachotumwa kwenye simu ni maelekezo ya maandishi tu: duara hili lizunguke, mstatili huu usogee kutoka hapa hadi pale kwa sekunde nne. Kazi ya kuchora inafanywa na simu yenyewe. Treni ya maumbo mepesi inaweza kuenea katika kilobaiti chache.

Kuunganisha maumbo hayo hakuhitaji uchawi. Umbo dogo huwekwa ndani ya umbo kubwa. Behewa likisogea, magurudumu yaliyo ndani yake husogea nalo, huku kila gurudumu likizunguka kwenye ekseli yake. Mabehewa matatu yakiwekwa ndani ya treni moja, amri moja huyavuta yote. Ipo pia amri ya kusimamisha: neno moja likibadilishwa, umbo linaganda pale lilipofika. Lakini magurudumu nayo lazima yaamriwe kusimama, la sivyo yataendelea kuzunguka wakati behewa limetulia.

Kasoro hiyo ndogo ya ufundi ina madhara sokoni. Mchoro unaotembea ni kauli. Unamwambia mtazamaji kwamba kazi inaendelea. Akiona meli inasogea kuelekea Bujumbura, mfanyabiashara atakodi lori, ataita wapakuzi na kuwaahidi wateja wake unga na mchele. Ikiwa meli bado imefunga kamba Kigoma, gharama zote hizo ni zake, wala hakuna wa kumrudishia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila katika biashara ya mpakani anayefika mwisho wa njia hiyo akiwa na hasara ni yule aliyemwamini mwongo.

CSS haijui meli iko wapi. Inachora tu ilichoambiwa. Taarifa lazima iingizwe na mtu wa bandari, wa forodha au wa kampuni ya usafirishaji, na kwa wakati. Kwa hiyo wanaomiliki kurasa hizo wanapaswa kufuata kanuni moja: umbo litembee pale tu penye taarifa ya karibuni, na saa ya taarifa hiyo iandikwe kando yake. Pasipo na taarifa, umbo lisimame na maandishi yaseme wazi ni lini habari ya mwisho ilipokelewa. Meli iliyosimama kwenye kioo cha simu inauma, lakini inamwokoa mtu asikodi lori bure.

Watakuwepo watakaosema jedwali la maandishi linatosha. Linamtosha karani. Mfanyabiashara wa Bujumbura hukutana na karatasi za Kifaransa upande mmoja wa mpaka na za Kiingereza upande wa pili. Mchoro wa hatua zilizounganishwa, wenye maneno machache ya Kiswahili, unamwonyesha kwa mara moja kipi kinatangulia kipi. Mfano ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mchoro unaweza kuonyesha kikapu kikisimama mpakani pasipo cheti hicho, na kikipita kinapokuwepo. Somo hilo halihitaji video.

Gharama si kisingizio. Kuandika CSS hakulipiwi leseni. Kunahitaji kompyuta ya kawaida, kivinjari na mtu aliyefundishwa. Vijana wa kazi hiyo wanaweza kupatikana Bujumbura kwenyewe. Wapewe kazi, na kazi yao ipimwe kwenye simu za bei nafuu walizo nazo wafanyabiashara, si kwenye kompyuta ya ofisi ya mkurugenzi.

Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Njia ya Dar es Salaam, Kigoma, Bujumbura hadi Uvira sasa yote imo ndani ya Jumuiya moja. Anayefanya biashara katika njia hiyo ana haki ya kujua mzigo wake uko wapi bila kumaliza bando, na bila kudanganywa na gurudumu linalozunguka juu ya behewa lililosimama.