Fundi wa programu wa Kasapa ana haki, isipokuwa kwa jambo moja

Ukitaja Kasapa hapa Lubumbashi, kuna wanaofikiria gereza. Mimi nazungumzia Kasapa ile ingine, ya Chuo Kikuu, ambako jioni wanafunzi hukaa nje wakingojea umeme urudi huku simu zao zimebaki na asilimia sita. Huko ndiko anakofanyia kazi kijana mmoja anayetengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya maduka ya dawa na depo za vinywaji. Hakutaka jina lake liandikwe. Lakini maoni yake juu ya vifaa tunavyotumia kila siku yamenikaa kichwani wiki nzima, na nadhani wale wanaonunua teknolojia kwa pesa za umma wangefaa kuyasikia.

Tuanze na kompyuta yake. Ni ThinkPad nyeusi, nzito, ya mtumba, yenye betri inayotoka kwa kusukuma vibao viwili vidogo. Anazo betri tatu. Moja ikiisha anazima, anaweka nyingine, anaendelea. "Yaya, hii ni muzee, lakini inajua kazi," aliniambia. Zile mpya nyembamba hazitaki, kwa sababu betri imefungiwa ndani, na siku ikifa utazunguka mji mzima ukitafuta fundi mwenye bisibisi yake.

Hapo nilicheka kidogo, kicheko cha uchungu. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na sehemu kubwa ya hiyo inachimbwa hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti hiyo ndiyo inayoingia katika betri nyingi za simu na kompyuta. Tunaona malori yakipita kuelekea Kasumbalesa, halafu madini yale yale yanaturudia yamebanwa kwa gundi ili tusiyaguse.

Ana ugomvi pia na kibodi ya AZERTY, ile tuliyorithi kwa Wabelgiji pamoja na mambo mengine. Kwa kuandika barua ya Kifaransa ni sawa. Lakini kwa mtu wa programu, ambaye kila mstari unamtaka mabano ya kila namna, ni lazima abonyeze vitufe viwili kwa wakati mmoja kutwa nzima. Hata tarakimu zenyewe zinataka kitufe cha pili. Yeye amehamia QWERTY, na wateja wake wakishika kompyuta yake wanaandika vitu vya ajabu. Ni jambo dogo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha namna anavyofikiri: kifaa kilitengenezwa kwa kazi ya nani, na je, kazi hiyo ni yetu?

Swali hilo analiweka zaidi kwa programu zinazodai intaneti kila dakika. Hapo namuunga mkono mia kwa mia. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza makala nzima niliyokuwa naandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa intaneti. Umeme ulikatika, modemu ikazimika, na nilipobonyeza kuhifadhi, ukurasa ukawa mweupe kama sahani. Saa tatu za kazi zilienda. Tangu siku ile naandika kwanza kwenye faili la kawaida, ndani ya kompyuta, kisha ndipo natuma.

Sasa mfikirie mwenye duka la dawa. Programu yake ikikaa yote kwenye mashine iliyo Ulaya au Marekani, siku mtandao ukianguka hawezi kujua hata kama amebakiwa na dawa ya malaria, ingawa boksi liko nyuma ya mgongo wake. Na kwetu mtandao hauanguki kwa sababu ya mvua tu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Waliokuwa wameweka daftari zao zote mbinguni walizifuata huko kwa macho.

Ndiyo maana kijana huyu anasifu sana kifaa kinachoitwa Git, kilichotengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule wa Linux. Kinahifadhi historia yote ya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Unaweza kukaa siku nne bila mega hata moja, ukaandika, ukarekebisha, ukarudi nyuma ulipokosea, na siku ya kununua mega ndipo unatuma yote kwa pamoja. Anasifu pia zile namba zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, ambazo tunatumia kutuma pesa. Zinafanya kazi kwenye simu ndogo ya vitufe, bila mega, hata kijijini ambako kuna mlingoti mmoja tu wa mtandao wa zamani. Wanaozidharau, anasema, hawajawahi kumtumia mtu pesa huko Kasenga.

Si kwamba kufanya kazi bila mtandao ni rahisi. Alinieleza tatizo moja ambalo sikulifikiria. Wauzaji wawili, kila mmoja na simu yake, mtandao haupo, na limebaki boksi moja. Wote wawili wanaliuza kwenye simu. Mtandao ukirudi, nani mkweli? Dawa yake ni kwamba programu isifute hesabu ya zamani na kuandika mpya, bali iandike kila mauzo peke yake, saa na jina la muuzaji, kama mstari wa daftari. Zikikutana, mistari yote inabaki, hesabu inaonyesha pungufu ya moja, na mwenye duka anajua wa kumuuliza. Bibi zetu waliouza samaki walifanya hivyo hivyo kwenye kitabu cha madeni.

Basi, ofisi yoyote ya jimbo au ya chuo inayotaka kununua mfumo wa kompyuta ingeanza kwa kuuchomoa mbele ya muuzaji. Akishindwa kuonyesha kazi ikiendelea gizani, arudi na sanduku lake.

Ambapo sikubaliani naye ni lugha. Programu zake zote ni za Kifaransa. Anasema watu wamezoea, na kwamba aliwahi kuweka simu yake kwa Kiswahili akashindwa siku ya kwanza: mipangilio, kivinjari, nenosiri. "Ni Kiswahili ya wapi hii?" Kwa hilo ana haki, kile ni Kiswahili cha Nairobi na Dar es Salaam, na mama wa soko la Katuba hawezi kukijua. Lakini kukimbilia Kifaransa ni kumwacha mama huyo mlangoni. Nendeni kwenye kabini yoyote mtazame. Mama anampa kijana simu, anampa na namba yake ya siri, anaitaja kwa sauti, watu wanasikia. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Kioo kinamwambia "Confirmer" na "Solde", naye hajui kama anathibitisha au anafuta. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini kwenye kioo kile mama haoni neno lake hata moja. Kwa nini isiandikwe "Tuma makuta", kama tunavyosema sisi wenyewe? Makuta yenyewe yalikufa kama pesa siku nyingi, neno bado linaishi mdomoni.

Alinyamaza kidogo, akafungua ile ThinkPad, akaniuliza neno la "stock" kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nikataja "akiba". Akatikisa kichwa: akiba ni pesa ya kuficha. Nikataja "mali iliyobaki". Ndefu sana, haiingii kwenye kitufe. Tulikuwa bado tunabishana umeme ulipokatika. Kioo chake hakikuzimika, akaandika "Imebaki ngapi" na kuniambia kesho atamwonyesha shangazi yake.