Ngome za Miti Zahitaji Walinzi Wanaozijua

Mkazi wa Mutanga Nord akitazama magharibi huona jiji la Bujumbura likishuka hadi Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa huona milima ya Kongo. Akigeuka mashariki huona vilima vikipanda kimoja juu ya kingine hadi kwenye mgongo wa nchi, pale maji yanapogawanyika, mengine yakielekea mto Kongo na mengine mto Nili. Wengi wetu hupenda kutazama upande wa ziwa, kwa kuwa ndio upande wa upepo mwanana, wa samaki na wa mapumziko ya Jumapili. Upande wa pili tunaupanda kwa harusi, kwa msiba, au kwa amri ya uhamisho. Hata hivyo huko juu, Muramvya, Bukeye, Kiganda na Gitega, ndiko yalikokuwa makao ya wafalme waliotawala Burundi kwa karne kadhaa. Makala hii yawahusu hasa wale wanaopanda huko kwa amri, yaani wanajeshi na polisi wetu.

Hoja yetu si ndefu. Twasema kwamba kila askari wa nchi hii, kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza wa utumishi, yafaa apelekwe akayaone makao hayo ya kale na afundishwe habari zake papo hapo alipo, si darasani. Twasema hivyo kwa sababu mahali hapo panapotea, na mara nyingi mtu wa kwanza awezaye kupaokoa ni askari aliye karibu napo.

Jibu tunalolisikia mara kwa mara ni kwamba huko hakuna cha kuona. Watu wamezoea kudhani kwamba ngome ni mawe. Wamesikia habari za Gondar katika milima ya Uhabeshi, ambako mfalme Fasilides na waliomfuata walijenga majumba ya mawe katika karne ya 17. Wamesikia pia habari za Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Basi mtu akipelekwa Muramvya, akaonyeshwa kilima chenye kundi la miti mikubwa, hurudi akinung'unika kwamba amepotezewa mchana wake.

Mtu huyo hakupotezewa mchana, bali hakuambiwa anachokitazama. Makao ya mfalme wa Burundi yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, yakazungushiwa nyua kadhaa, ua ndani ya ua. Nyasi huoza na matete huvunjika, lakini miti iliyopandwa uani huota mizizi na kukua. Mfalme alipohama au alipofariki, nyumba zilianguka na miti ikabaki ikionyesha mahali uliposimama ua na lango. Mahali kama hapo Warundi hupaita ikigabiro, na misitu midogo inayofunika makaburi ya wafalme huiita intatemwa, maana yake isiyokatwa. Basi miti hiyo ndiyo kuta za ngome zetu. Anayeikata kwa ajili ya mkaa amebomoa ukuta sawasawa na yule ambaye angeng'oa mawe ya Fort Jesus akajengee choo.

Miongoni mwa miti inayoheshimiwa tangu kale katika nchi hii umo mmoja wenye maua mekundu, uitwao umurinzi. Kila ajuaye Kiswahili atalitambua neno hilo bila kufasiriwa, kwa maana ni mlinzi. Wazee waliupa mti jina la kazi ile ile anayoifanya askari leo. Si haba, basi, tukimwomba mlinzi mwenye sare asimame upande wa mlinzi mwenye matawi.

Tuyataje sasa mahali penyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba hakujua. Hapo Gishora, kilima kilicho umbali mfupi kutoka mji wa Gitega, Mwezi Gisabo aliweka makao baada ya kumshinda mpinzani wake Ntibirangwa. Hapo hutunzwa ngoma mbili mashuhuri, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza humtaja yule ambaye watu humfyekea msitu, na la pili yule ambaye watu humlimia. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma ipigwayo na pia ya utawala wenyewe, kwa hiyo mtu akiingia Gishora huwa ameingia mahali palipokuwa kama ofisi ya dola. Upande wa Muramvya kuna Mpotsa, walikozikwa mama wa wafalme, na Nkiko-Mugamba, walikozikwa wafalme wenyewe. Mwaka 2007 serikali iliweka Gishora na mahali patakatifu pa Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia huko UNESCO. Mwaka 2014 ngoma yetu ya kifalme pamoja na uchezaji wake iliandikishwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Hizo ni heshima kubwa, lakini karatasi iliyoko Paris haimzuii mtu mwenye shoka aliyeko kilimani.

Askari ana sababu yake mwenyewe ya kwenda huko, nayo ni ya kazi. Kilima kilichomfaa mfalme ndicho kinachomfaa kamanda. Kutoka ufukweni mwa ziwa, uliopo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika mwendo usiofika kilomita 40. Aliyekaa juu humwona anayepanda mapema, na nyuma yake ana msitu wa Kibira wa kujificha. Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi Usumbura, jiji hili tuliitalo leo Bujumbura, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuwa na bunduki na mizinga, lakini mbele yao hapakuwa na boma moja la kuzingira. Mwezi Gisabo hakuwa na mji mkuu mmoja. Alikuwa na makao mengi, akihama kutoka kilima hadi kilima, na hivyo akaweza kusimama dhidi yao kwa miaka kadhaa.

Hatimaye alishindwa, na namna alivyoshindwa ni somo la pili kwa askari. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali mkataba mbele ya Kapteni von Beringe. Ni mtu yule yule ambaye jina lake limebaki katika jina la kitaalamu la sokwe wakubwa wa milima ya volkano, kwa kuwa alimpiga mmoja risasi mwaka 1902. Mwezi alitozwa faini ya ng'ombe, akalazimishwa kuwatambua Kilima na Maconco, wakuu wawili waliokuwa wamemwasi na kujiunga na Wajerumani. Hapa ndipo penye somo. Nchi haikuangushwa na bunduki za wageni peke yake, bali pia na mfarakano uliokuwa ndani ya ua. Koplo akisimama Kiganda, akaelezwa jambo hilo huku akiitazama njia waliyopitia, atalikumbuka kuliko akilisoma katika vitabu kumi.

Twajua kuna watakaouliza kama kuwapeleka askari wa Jamhuri kwenye makao ya wafalme si kuamsha yaliyolala. Ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966. Mfalme wa mwisho, Ntare V, aliuawa Gitega mwaka 1972, katika mwaka wa damu ambao familia nyingi zaukumbuka bado kwa machozi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba kuujua ufalme si kuutamani. Tusiupake sukari. Palikuwa na ushuru mzito na kazi za lazima, na wana wa wafalme walipigana wao kwa wao, Wabatare na Wabezi, huku wakulima wakilipa gharama. Hayo nayo yafundishwe hapo hapo kilimani. Lakini Prinsi Louis Rwagasore, ambaye kila tarehe 13 Oktoba taifa humkumbuka kwenye kaburi lake pale Vugizo, juu ya jiji hili, alikuwa mwana wa Mfalme Mwambutsa, na ndiye aliyeongoza nchi kuelekea uhuru kabla ya kuuawa mwaka 1961. Hatuwezi kumpigia saluti mwana huku tukiona aibu kujua nyumba ya baba yake ilikuwa wapi.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Majeshi yetu ya leo ni tunda la Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioagiza kwamba katika vikosi vya ulinzi na usalama kabila moja lisizidi nusu. Watu waliokuwa wakitafutana kwa bunduki msituni walitiwa katika kambi moja, wakala sufuria moja. Mkataba uliwaweka pamoja, lakini hesabu ya nusu kwa nusu haitoshi kumfanya mtu amwone mwenzake kuwa ndugu. Yafaa pia wawe na jambo walilolirithi kwa pamoja. Katika ua wa mfalme walikuwamo Wahutu na Watutsi. Wengine walipiga ngoma, wengine walichunga ng'ombe, wengine walilinda makaburi, wengine waliamua kesi, na kazi nyingi kati ya hizo zilirithiwa katika koo. Mfalme mwenyewe, kama Baganwa wenzake, hakuhesabiwa kuwa Mhutu wala Mtutsi. Askari wawili wakisimama Gishora ngoma zinapolia, hapana hata mmoja awezaye kumwambia mwenzake kwamba hii ni yangu na si yako.

Wale wanaoona kwamba haya ni mambo ya watalii na si ya ulinzi, waikumbuke Kasubi. Katika jiji la Kampala palikuwa na nyumba kubwa ya nyasi, ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza iliyojengwa mwaka 1882, baadaye ikawa kaburi lake na la makabaka watatu waliomfuata. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. Kesho yake umati wa watu wenye uchungu ulikusanyika, ukakutana na vikosi vya usalama, na watu wakauawa kwa risasi. Kujenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ambapo UNESCO iliondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mahali pa namna hiyo pakiguswa, moyo wa watu umeguswa, na anayetumwa kulinda amani hapo ni askari. Ajuaye maana ya mahali atajua asimame wapi, aseme nini na azee gani wa kuwaita kwanza. Asiyejua ataona umati tu.

Basi lifanywe nini? Kwanza, vyuo vya jeshi na vya polisi viweke safari ya siku moja ya Gishora, Muramvya na Kiganda katika ratiba ya mafunzo. Mwendo wa Bujumbura hadi Gitega ni wa kilomita 100 hivi, na malori tunayo. Pili, kila kituo cha polisi cha vijijini kiandike katika daftari lake ibigabiro vyote vilivyo katika eneo lake, kwa kuwauliza wazee na Bashingantahe, na aingiapo mkuu mpya akabidhiwe daftari hilo pamoja na funguo na silaha. Mwaka 2025 mikoa yetu ilipunguzwa ikawa mitano, na Muramvya ikaacha kuwa mkoa. Mipaka ikibadilika hivyo, kumbukumbu hupotea upesi isipoandikwa. Tatu, kikosi kinachopiga kambi kilimani kisikate mti kwa kuni wala kwa nguzo kabla ya kuuliza mti huo ni wa nani na ni wa nini. Nne, anayezuru aende kwa adabu: aombe ruhusa kwa watunzaji, asivute sigara karibu na nyumba za nyasi, asiingie na bunduki mahali pasipo na adui, wala asikanyage makaburi ili apigwe picha.

Hakuna lolote katika hayo linalohitaji fedha nyingi au msaada wa kigeni. Linalotakiwa ni amri ya wakubwa na nia ya wadogo. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ndugu zetu wenye sare wamekabidhiwa nchi yote kuilinda, na nchi hiyo si mipaka na madaraja peke yake. Ni pamoja na ile miti mikubwa iliyosimama kilimani tangu enzi za Mwezi Gisabo. Wakuu wa vyuo wapange safari ya kwanza kabla ya kundi lijalo la makuruta kuapishwa.