Wazazi tuyajue ya darasani kabla ya kuitwa

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo, lakini athari yake ni kubwa katika nyumba zetu. Nalo ni hili: mzazi anayajua kwa kiasi gani yanayopita katika darasa la mtoto wake aliye shule ya msingi?

Mtoto hutoka nyumbani asubuhi na mapema, amevaa sare, ana daftari mkobani. Hurudi mchana, akaulizwa, "Leo mmesoma nini?" Naye hujibu, "Tumesoma." Mazungumzo huishia hapo. Akala, akaenda madrasa, akarudi, akalala. Siku zikawa wiki, wiki zikawa muhula, na mzazi hana habari ila ile siku atakapoletewa barua ya kuitwa. Na barua hiyo, ndugu zetu, mara nyingi huwa na moja kati ya mambo mawili: ama kuna mchango unaotakiwa, ama mtoto amefanya kosa.

Tunasema hivi si kwa kuwalaumu walimu wala wazazi, bali kwa kuwa sisi jamii ya Waislamu hatukustahili kuwa wageni wa jambo hili. Mtoto alipopelekwa chuoni kusoma Qur'ani, mzee wake alimshika mkono akamkabidhi kwa mwalimu, na tangu siku hiyo safari ya mtoto yule ilikuwa wazi kwa nyumba nzima. Jioni alisoma kwa sauti barazani. Hata bibi asiyejua kuandika jina lake alitambua pale mjukuu alipokwama, na pale alipopita bila kusita. Alipohitimu juzuu ya Amma, nyumba ilitoa sadaka, mwalimu akakumbukwa kwa alichojaaliwa mzazi, na majirani wakajua kuwa mtoto wa fulani amepiga hatua.

Hadi leo, muulize mama yeyote mtoto wake amefika sura gani madrasa, aghalabu atakutajia bila kufikiri. Kisha muulize mama huyo huyo, juu ya mtoto yule yule, amefika wapi katika kuzidisha na kugawanya, au anasoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama? Atakujibu, "Yuko darasa la tatu." Hilo si jibu. Darasa la tatu ni chumba anachokaa mtoto. Sisi tumeuliza kilichoingia kichwani mwake.

Kwa nini imekuwa hivi? Tunaona sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu tumeiona shule kuwa ni mali ya Serikali na kazi ya Serikali. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaleta elimumsingi bila malipo, iliyoanza Januari 2016. Hizi ni neema, na zimewafungulia mlango watoto wa maskini wengi mno. Lakini ada ilipoondoka, wapo waliodhani kuwa na wajibu wa mzazi umeondoka nayo.

Sababu ya pili ni namna shule zetu zinavyotoa habari. Mwisho wa muhula mtoto huleta ripoti imeandikwa alama na nafasi: amekuwa wa 61 kati ya wanafunzi 104. Mzazi afanye nini na habari hiyo? Nafasi humwambia ni watoto wangapi wamemtangulia mwanawe, haimwambii mwanawe amekwama wapi. Huenda anajua kujumlisha lakini hajaelewa kukopa katika kutoa. Huenda anaandika vizuri lakini haoni ubaoni kwa sababu macho yake ni dhaifu na ameketishwa nyuma. Ripoti ya nafasi haiyasemi hayo, na mzazi akiishika mkononi hukimbilia kilicho karibu, nacho ni fimbo.

Madhara ya kutojua ni makubwa. Tathmini za Uwezo, ambazo ripoti yake ya kwanza kwa Tanzania ilitoka mwaka 2010, huwafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Zilionyesha kuwa wapo watoto, tena si wachache, wanaofika madarasa ya juu na hata kumaliza darasa la saba bila kuweza kuisoma hadithi hiyo. Tuitafakari habari hii kama wazazi. Mtoto hakushindwa kusoma siku moja. Alishindwa darasa la kwanza akanyamaza, akapandishwa, akashindwa la pili akanyamaza, na nyumbani kila jioni aliulizwa, "Umesoma?" akajibu, "Nimesoma." Miaka yote hiyo dawa yake ilikuwa ndogo: mtu mzima mmoja wa kumfungulia kitabu na kumwambia, hebu nisomee hapa.

Na wakati huu tulio nao unatutaka tuwe macho zaidi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Mzazi aliyesoma zamani asidhani kuwa anayoyakumbuka ndiyo anayofundishwa mwanawe. Asipoelezwa, hataweza kusaidia hata akitaka.

Tunajua jibu watakalotupa walimu wetu, na ni jibu la haki. Mwalimu mwenye watoto 100 darasani, na wengine wana zaidi, atampasha habari mzazi gani amwache gani? Tufanye hesabu pamoja. Mwaka wa masomo una siku 194, ambazo ni takriban wiki 39. Mwalimu akizungumza na wazazi watano tu kwa wiki, mmoja kwa siku, kwa dakika kumi, atakuwa amewafikia wazazi wa watoto wote 100 katika wiki 20. Mwaka haujaisha, na amekaribia kuwazungukia mara ya pili. Wala si lazima awaite kwa kosa. Aseme mambo matatu: wiki hizi tunasoma nini, mtoto wako anaweza nini na anakwama wapi, na nyumbani mumsaidie kwa lipi.

Kwa yale yanayowahusu wote, ubao mmoja langoni mwa shule unatosha. Kila Ijumaa yaandikwe masomo ya wiki ijayo kwa kila darasa, kwa Kiswahili chepesi. Tunasisitiza Kiswahili, kwa kuwa zipo shule zinazomwandikia barua ya Kiingereza mama asiyekisoma, kisha zikalalamika kuwa hakuitikia. Na mzazi asiyejua kusoma aambiwe kwa mdomo, kwa heshima, bila kufanywa aone haya. Anayo haki ileile juu ya mwanawe.

Aidha, ipo milango ambayo tayari iko wazi. Kila shule ya msingi ya Serikali ina kamati ya shule yenye wajumbe wazazi, na nyingi zina umoja wa wazazi na walimu unaoitwa UWAWA. Vikao hivi visiwe vya madawati na matundu ya vyoo peke yake. Mkutano wa wazazi ukimalizika bila neno moja juu ya watoto wanavyosoma, mzazi anyanyue mkono, kwa adabu, aulize.

Jambo jingine tusilolisahau ni kuwa habari hazitoki upande mmoja. Mwalimu naye anahitaji kuyajua ya nyumbani. Mtoto aliyefiwa, mtoto ambaye wazazi wake wametalikiana na sasa analala mara kwa shangazi mara kwa bibi, mtoto anayefunga Ramadhani kwa mara ya kwanza na saa tano za asubuhi ana kiu, wote hawa hukaa darasani kimya na huonekana wavivu. Neno moja kutoka kwa mzazi humtoa mtoto katika adhabu asiyoistahili. Vilevile mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule wanalea mtoto yule yule. Lingekuwa jambo jema wafahamiane, ili asisinzie asubuhi kwa mmoja kutokana na kukeshwa usiku na mwingine.

Hata hivyo, habari za mtoto zina adabu zake, na dini yetu imesisitiza sitara. Alama za watoto zisisomwe mbele ya mkutano wa wazazi hata mama wa mtoto wa mwisho akainamisha uso. Siku hizi madarasa mengi yana makundi ya simu. Yana manufaa, lakini si mahali pa kumtangaza mtoto aliyeiba kalamu wala pa kutuma picha yake bila ridhaa ya wazazi. Hata nchi yetu imeweka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nasi wazazi tusiligeuze kundi hilo kuwa baraza la kumsengenya mwalimu, maana ghiba ni ghiba, iwe kwa ulimi au kwa kidole. Na habari ikitufikia kuwa mtoto amekwama, isiwe sababu ya kipigo. Mtoto akijua kuwa kila habari ya shule huishia kwenye fimbo, ataificha, na mlango tuliotaka kuufungua utafungwa na mwenyewe mtoto.

Basi tuanzie wapi? Tuanzie nyumbani, usiku wa leo, baada ya sala ya Magharibi. Mtoto alete daftari, tuliangalie ukurasa kwa ukurasa. Wekundu wa kalamu ya mwalimu upo wapi? Kazi gani haikusahihishwa? Asome kwa sauti mistari michache, kama anavyosoma juzuu. Asiyejua kusoma asikilize tu, atamtambua anayekwama. Kisha ndani ya mwezi huu twende shuleni bila kuitwa, tumsalimie mwalimu na kumuuliza hali ya mtoto. Na hapa tunawasemesha kina baba hasa. Kazi hii imeachiwa kina mama kupita kiasi, na mwalimu hushangaa kumwona baba isipokuwa amekuja kwa hasira.

Tumefundishwa na Mtume wetu (SAW) kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Watoto ni amana. Shule imepewa saa chache za mchana kutusaidia kuitunza amana hiyo. Haikupewa amana yenyewe. Mchunga mwema hangoji aletewe habari kuwa mnyama amepotea. Huwahesabu kila jioni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape walimu wetu subira na malipo mema, atupe sisi wazazi macho ya kuona na moyo wa kufuatilia, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.