Namba ya Mkongwe Apewe Mgeni

Mchezaji mpya akitambulishwa, mashabiki humtazama mgongoni kabla ya kumtazama usoni. Wanataka kujua amepewa namba gani, na namba hiyo ilikuwa ya nani. Huku Butere, magharibi mwa Kenya, mjadala huo huanzia steji ya bodaboda, kwa habari za Ingwe, yaani AFC Leopards, au za klabu ya kikapu ya Nairobi City Thunder, na muda si mrefu unafika kwenye timu za shule. Msichana aliyeibeba timu ya kikapu tangu Kidato cha Kwanza amemaliza masomo, na muhula mpya ulipofunguliwa jezi yake ikamwangukia mgeni aliyehamia juzi. Wapo wanaosema hiyo ni dharau, kwamba jezi ya mkongwe inafaa kustaafishwa: ifuliwe, itundikwe ofisini, asiivae mtu tena. Mimi nawapinga, na nawapinga kwa heshima, maana wanachokitetea ni kumbukumbu, na kumbukumbu huku kwetu ina watetezi wachache. Ila dawa waliyoiazima haiutibu ugonjwa wetu.

Desturi yenyewe ilianzia Amerika Kaskazini. Mwaka 1934 klabu ya magongo ya barafuni ya Toronto Maple Leafs iliiondoa namba 6 ya Ace Bailey, aliyeumizwa kichwa uwanjani asiweze kucheza tena. Mwaka 1939 klabu ya besiboli ya New York Yankees ikamwekea Lou Gehrig namba 4 baada ya maradhi kumtoa mchezoni. Mwanzo wake, basi, ulikuwa huruma kwa wanaume wawili waliokatizwa njiani. Baadaye ikawa sherehe ya ushindi. Katika kikapu, Boston Celtics wamestaafisha namba zaidi ya 20. Miami Heat waliistaafisha 23 ya Michael Jordan mwaka 2003, ingawa hakuwachezea hata dakika moja. Na Bill Russell, nyota wa Celtics, alipofariki Julai 2022, ligi nzima ya NBA iliifunga namba 6. Waliokuwa wakiivaa wakaruhusiwa kuendelea nayo, lakini mwingine asiichukue upya.

Aliye karibu zaidi nasi ni mchezaji wa kikapu Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa. Atlanta Hawks waliistaafisha 55 yake mwaka 2015, na Denver Nuggets wakafuata mwaka 2016. Sina neno na heshima hiyo, aliistahili. Lakini alipotaka kumheshimu mama yake mzazi, Mutombo alijenga hospitali Kinshasa akaiita Biamba Marie Mutombo. Jina la mama likawekwa mahali ambapo watu wanaingia na kutoka kila siku wakilitaja.

Kisa cha Jordan ndicho ninachokirudia kila mjadala huu unapozuka. Chicago Bulls waliitundika 23 darini Novemba 1994, wakidhani ameshaondoka. Machi 1995 akarudi, akavaa 45. Mei mwaka huohuo, timu ikihangaishwa na Orlando katika mechi za mtoano, aliitupa 45 akaivaa tena 23, na klabu ikatozwa faini kwa kubadilisha namba bila idhini. Mataji ya 1996, 1997 na 1998 yalichukuliwa na mtu aliyevaa jezi ambayo tayari ilikuwa imeshaagwa. Mwenye namba mwenyewe alishindwa kuishi na heshima aliyopewa.

Turudi nyumbani, kwenye hesabu. Kwa miaka mingi kanuni za shirikisho la kikapu duniani, FIBA, ziliruhusu namba 4 hadi 15 pekee katika mashindano yake. Sababu ilikuwa vidole vya refa: akiionyesha meza ya waandishi kidole kimoja, viwili au vitatu, isije ikadhaniwa anahesabu pointi. Tangu 2014 mlango umefunguliwa, na mchezaji anaweza kuvaa 0, 00 au yoyote kuanzia 1 hadi 99. Lakini ingia katika chumba cha vifaa cha shule nyingi za magharibi mwa Kenya utakuta seti ileile ya jezi 12, 4 hadi 15, iliyonunuliwa kwa pesa za michezo au kwa hisani ya mfadhili, na inayotarajiwa kukaa miaka. Staafisha ya nyota mmoja, zimebaki 11. Staafisha za nyota watatu, kocha anasafiri kwenda mashindano ya kaunti na jezi tisa, na wasichana watatu waliofanya mazoezi tangu Januari wanabaki nyumbani ili jezi tatu zipate kupumzika ofisini.

Mtu atasema: nunueni nyingine. Shule inayoweza kununua jezi ya ziada inunue, kisha impe msichana wa kumi na tatu ambaye hukimbia pembeni ya uwanja akiwa na fulana ya nyumbani.

Halafu kuna suala la mahali pa kuitundika. Chicago na Boston wana kumbi zenye mapaa marefu, na shabiki akiinua macho anaona bendera za namba juu ya wanaocheza. Viwanja vyetu vingi vya kikapu viko nje, sakafu ya saruji, milingoti miwili na anga. Jezi iliyostaafishwa itakwenda wapi kama si kabatini? Na jezi iliyo kabatini haimkumbushi mtu yeyote jambo lolote.

Soka nayo ilijaribu. Mwaka 2001 Argentina iliamua kuistaafisha namba 10 ya Diego Maradona, na kwa Kombe la Dunia la 2002 ikapeleka orodha isiyokuwa na namba hiyo. FIFA ikakataa: wachezaji ni 23, namba ni 1 hadi 23, bila pengo. Ariel Ortega akaivaa. Wakati huo wengi waliuona ni ukaidi wa makarani. Miaka 20 baadaye, mjini Lusail, Qatar, Lionel Messi aliinua Kombe la Dunia akiwa na 10 hiyohiyo. Leo ukimtaja mmoja wao, mwingine anakuja mwenyewe kinywani. Kama ombi la Argentina lingekubaliwa, namba hiyo ingefia kwa Maradona, na Maradona angepoteza mrithi ambaye sasa anamfanya atajwe kila siku.

Hapo ndipo ninaposhangaa kwamba sisi, katika watu wote, tunataka kuiga kufunga namba. Kwa Abamarama wa huku Butere, kama kwa Waluhya wengine, babu au nyanya akifariki jina lake hupewa mtoto anayezaliwa. Mtoto akilia usiku kucha bila kuumwa, wazee huanza kuwaza ni nani katika ukoo ambaye hajapata wa kumrithi jina. Wanayataja majina moja moja hadi mtoto anyamaze. Mtu mkubwa, huku, ndiye mwenye majina mengi yanayotembea bomani. Mtu ambaye jina lake limekosa wa kulibeba ndiye anayehurumiwa.

AC Milan waliikaribia fikra hii walipoiondoa namba 3 ya Paolo Maldini mwaka 2009: waliweka sharti kwamba itarudi ikiwa mwanawe ataichezea timu kubwa. Daniel, mwanawe, alifika timu kubwa, lakini akavaa 27. Nadhani alifanya vyema. Sharti la damu lilikuwa jembamba mno. Kwetu jina linaweza kutoka upande wa mama, linaweza kutoka kwa jirani aliyewafaa watu, na hata katika michezo urithi haufuati njia moja. Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards. Wanawe McDonald Mariga na Victor Wanyama wakafika Inter Milan na Tottenham, na binti yake Mercy akaushika mpira wa kikapu, akaichezea timu ya taifa na klabu za Hispania. Namba gani ya baba ingetosha kuwafuata wote hao?

Mashabiki wa Ingwe wenye mvi wana ushahidi mwingine. Joe Kadenge alicheza zama ambazo namba zilikwenda na nafasi uwanjani, 1 hadi 11, na aliyeingia leo mahali pako alivaa jezi yako. Hakuna aliyeweza kumstaafishia chochote. Hata jina la klabu yake, Abaluhya, lilibidi liachwe na kuwa AFC Leopards ilipofika 1980. Kilichombeba Kadenge ni sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, “Kadenge na mpira,” maneno yaliyorithiwa na watoto ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Alifariki Julai 2019, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na ndipo City Stadium ya Nairobi ikaitwa kwa jina lake. Uwanja ni heshima kubwa, lakini ulimfikia akiwa kaburini. Tukishindana kuhusu nguo ilhali wakongwe wenyewe wangali hai, nasi tunawachelewesha vivyo hivyo.

Sasa niseme kuhusu hasira, kwa kuwa naielewa. Ninavyousikia mjadala huu, jezi ni kisingizio. Kinachouma ni usajili. Shule za michezo hutafuta vipaji mbali, na watu husema waziwazi kwamba fulani “amenunuliwa”, hata pale ambapo amepewa karo tu na kitanda cha bweni. Kanuni za michezo ya shule huweka kikomo kwa wanafunzi waliohamia, lakini ndani ya kikomo hicho bado kuna msichana wa hapahapa Marama ambaye amekaa benchi misimu miwili akisubiri nafasi, na siku nafasi inapopatikana anaiona namba aliyoitamani ikiwa mgongoni mwa mtu ambaye hajajua hata njia ya kwenda sokoni. Shabiki anayepiga kelele “jezi istaafishwe!” mara nyingi anajaribu kujenga ua, mgeni asipite. Angesema hivyo moja kwa moja tungemjibu moja kwa moja: mlalamikie anayesajili, usimlaumu mtoto.

Jambo hilo lipo hata ngazi ya juu. Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka 2025 ikacheza Kigali. Ili ifike huko iliongeza nguvu kwa wachezaji wa kigeni na kwa Tylor Ongwae, yule aliyeiua Angola sekunde ya mwisho Februari 2021 jijini Yaoundé, 74 kwa 73, Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Kumpa Ongwae namba yoyote aitakayo hakuna atakayepinga. Mgeni wa mwezi mmoja, aliyekuja kwa ajili ya mashindano na atakayeondoka nayo, ni suala jingine. Huyo avae iliyobaki. Kurithi kunataka mtu atakayekaa.

Kwa hiyo sikubaliani pia na kocha anayegawa jezi kwa ukubwa wa kifua, huyu ya kwanza, yule ya pili, basi. Mgeni amalize msimu mmoja na namba isiyo na historia. Baada ya hapo, kama mkongwe yupo na anapatikana, aulizwe yeye anamwona nani anafaa. Uamuzi huo usiwe wa mwalimu mkuu wala wa mfadhili wa seti.

Na kuna kazi moja iliyotangulia zote, ambayo wanaotaka kustaafisha hawaigusi. Russell alishinda mataji 11 katika misimu 13, nasi tunalijua hilo kwa sababu kuna aliyeandika. Kila mechi rasmi ya kikapu, hata ya kaunti ndogo, ina karatasi ya alama: jina, namba, pointi za kila mchezaji, faulo zake. Mwandishi wa mezani anaijaza kwa makini huku wengine wakipiga kelele, manahodha wanaiona, refa anatia sahihi. Baada ya wiki chache nyingi haziko. Muulize shabiki anayetaka jezi ya nyota wake itundikwe: alifunga pointi ngapi miaka yake yote? Atakuambia “nyingi”. Yule mwingine wa miaka mingi nyuma, aliyecheza kabla ya simu za kupiga picha kuenea, naye alifunga “nyingi”, na jina lake limeshaanza kupotea. Tutastaafisha ya nani kati yao, na kwa kipimo gani?

Karatasi hizo zitunzwe. Daftari moja gumu kwa kila timu, jina la kila aliyevaa kila namba na mwaka wake, kuanzia wale ambao walimu wa zamani bado wanawakumbuka. Butere Girls ilianzishwa 1916, na mwandishi Grace Ogot alisoma pale. Shule ya umri huo inajua thamani ya orodha ya majina. Siku ya kugawa jezi, msichana anayepewa 9 asome kwa sauti majina ya waliomtangulia katika 9, mbele ya wenzake, na mmoja wao awe amealikwa. Wengi wa wakongwe hawa hawako mbali. Ni wauguzi, ni walimu, ni askari, ni akina mama wa biashara Kisumu na Kakamega, na wakipigiwa simu wiki mbili kabla watakuja. Shule iliyoweza kununua seti ya jezi haiwezi kushindwa na nauli yao ya matatu.