Motokari ya Umeme Yashindana na Nani Hapa Kwetu?

Siku hizi mjini Bukavu, watu wakikaa kuzungumza, hawakosi kutaja motokari za umeme. Vijana wameziona katika simu zao. Wafanya biashara waendao Kigali wameziona piki-piki za umeme kwa macho yao wenyewe. Hapo mabishano huanza. Wengine wasema: «Hizo ni mali ya matajiri wa nchi za mbali, kwetu sisi esansi ndiyo mwisho.» Wengine wajibu: «Zikifika tu, taabu zetu za usafiri zimekwisha.» Sisi twasema wazi ya kuwa pande zote mbili zimepotea njia. Na kwa kuwa upotevu huo utawatoa watu fedha mfukoni, yafaa tuliangalie jambo hili pole pole.

Kwanza: umeme si mgeni

Wako wanaodhani motokari ya umeme ilizaliwa jana. Sivyo. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, Mbelgiji jina lake Camille Jenatzy alipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kabla yake hakuna motokari iliyowahi kufika mwendo huo. Nayo ilikuwa ya umeme! Wakati ule motokari ya esansi ilijaa kelele na moshi, na kuiwasha ilikuwa kazi ya kuzungusha chuma kwa nguvu za mkono.

Kwa nini basi esansi ilishinda? Mafuta yalipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza Model T, na bei yake ilizidi kushuka mwaka kwa mwaka. Mwaka 1912 Cadillac ilitiwa mota ndogo ya umeme ya kuiwasha injini, watu wakaacha kuzungusha chuma. Nazo batri za siku zile zilikuwa nzito, tena zilichoka upesi. Umeme ulishindwa kwa bei na kwa batri.

Sasa mambo hayo mawili yamegeuka. Mwaka 2010 batri ya kuweka kilowati-saa moja iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 iligharimu dola 115 hivi. Mwaka huo huo ziliuzwa duniani motokari zaidi ya milioni 17 za kuchajiwa kwa umeme, tukihesabu pamoja na zile zenye injini ya esansi kando ya mota. Maana yake, zaidi ya moja katika kila motokari mpya tano. Katika China, mwaka 2024, kampuni ya BYD iliuza motokari ndogo, Seagull, kwa bei ya karibu dola 10,000.

Labda mtu atasema: «China si Afrika.» Haya, tutazame Ethiopia. Mwezi wa Kwanza 2024 serikali yake ilitangaza kukataza motokari za esansi na mazuti zisiingizwe tena nchini kwa matumizi ya watu binafsi. Je, Ethiopia ni nchi ya matajiri? Hata! Mafuta yote hununua ng'ambo kwa dola, lakini mito inayo, na mwezi wa Tisa 2025 ilizindua bwawa lake kubwa katika Nile ya Buluu. Iliona ni upumbavu kununua kwa mgeni nguvu iliyo nayo nyumbani. Na sisi je? Esansi yetu hushuka melini Mombasa na Dar es Salaam, ikapita mipaka juu ya malori kabla ya kufika kwetu. Mto Ruzizi huanza hapa hapa, chini ya nyumba zetu.

Pili: hesabu ya mwenye motokari

Tusishindane kwa maneno, tuhesabu. Lita moja ya esansi ina nguvu ya kilowati-saa 9 hivi. Lakini injini hugeuza kama robo tu ya nguvu hiyo kuwa mwendo. Nyingine yote hupotea kuwa joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu kuwa mwendo. Kwa hiyo motokari ndogo ya esansi yataka lita 6 au 7 kwa kilomita 100, na ya umeme yataka kilowati-saa 16 hivi. Piki-piki ya esansi hunywa lita 2 na nusu kwa kilomita 100. Ya umeme yatosheka na kilowati-saa 4.

Msomaji achukue bei ya esansi ya leo pale Nyawera, achukue na bei ya umeme anayoilipa nyumbani, aandike hesabu mwenyewe. Tena aongeze ya kuwa mota ya umeme haitaki kubadilishiwa mafuta ya injini, wala haina buji. Na katika mji wa milima kama wetu, motokari ishukapo kutoka Kadutu, mota yake yazalisha umeme na kuurudisha kidogo katika batri. Esansi iliyokwisha ungua hairudi kamwe.

Basi, wanaosema motokari ya umeme haiwezi kushindana na ya esansi, tumewajibu. Yaweza. Lakini ngojeni, maana sasa twawageukia wale wanaoshangilia.

Tatu: mshindani wa kweli ni giza

Umeme wa Bukavu watoka wapi? Mitambo ya Ruzizi ya kwanza ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Nguvu yake haifiki megawati 30. Ruzizi ya pili, yenye megawati 43 na kitu, ilianza mwaka 1989, na umeme wake wagawanywa kwa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu imezungumzwa miaka mingi, lakini bado haijawasha hata taa moja. Kumbe mji, uliokuwa wa makumi ya maelfu ya watu wakati wa mitambo ya kwanza, leo wahesabiwa watu zaidi ya milioni moja! Ndiyo maana mama huamka usiku wa manane kupiga pasi, kwa sababu ndipo umeme uliporudi.

Mtu anunue motokari ya umeme katika hali hiyo, ataichaji kwa nini? Atajibu: «Nina jenereta.» Tufanye hesabu tena. Jenereta nzuri hutoa kilowati-saa 3 hivi kwa lita moja ya mazuti. Zile ndogo za nyumbani hutoa chini ya hapo. Ili apate kilowati-saa 16 za mwendo wa kilomita 100, pamoja na zile zinazopotea njiani, atachoma lita 6. Ndizo zile zile lita 6 za motokari ya esansi! Amelipa bei ya motokari mpya, na moshi ameuhamisha tu kutoka barabarani hadi uani pake, dirishani pa watoto. Huko si kuiacha esansi. Ni kuinunua kwa mlango wa nyuma.

Mwingine atasema: «Jua ni la bure.» Jua ni la bure, paneli si za bure. Paneli moja ya wati 400 hutoa kilowati-saa 1 na nusu hivi kwa siku. Piki-piki iendayo kilomita 100 kwa siku yataka paneli tatu. Jambo hilo lawezekana. Motokari iendayo kilomita 50 yataka paneli tano au sita, na batri ya kuuhifadhi umeme kama mwenyewe hukaa kazini mchana. Mwenye duka kubwa ataweza, mwalimu hataweza.

Na tuwaonye wale wanaotaka kuagiza kutoka Japani Nissan Leaf za zamani kwa sababu bei yake yavutia. Zile za kwanza, za tangu mwaka 2010, hata zilipokuwa mpya batri yake ilikuwa ndogo. Leo imezeeka. Motokari ya esansi iliyochoka, fundi wa mtaani ataisukuma mwaka mwingine. Batri iliyokufa hana dawa nayo. Asiyepima batri kabla ya kulipa amenunua banda la kuku lenye magurudumu.

Nne: tuanze na piki-piki

Je, tukae tukingoja? La. Twashauri njia nyingine. Tuanze na piki-piki kabla ya motokari.

Huko Kigali kampuni kama Ampersand huuza piki-piki bila batri. Dereva hubadilisha batri kituoni kwa dakika chache, akalipia umeme alioutumia. Hivyo mzigo mkubwa wa bei haumwangukii yeye. Tangu mwezi wa Kwanza 2025 piki-piki mpya ya esansi haiandikishwi tena kubeba abiria mjini humo. Tunajua ya kuwa kuitaja Rwanda kwa sifa kwauma masikio mengi kwetu, na sababu twazijua sote. Lakini hesabu nzuri haina taifa.

Tuchukue mfano tu: piki-piki 10,000, kila moja ikienda kilomita 100 kwa siku. Zataka kilowati-saa 40,000. Batri zake zikichajiwa saa nane za usiku, watu wamelala, yatosha megawati 5: kama sehemu moja katika sita ya mitambo ya Ruzizi ya kwanza. Si mlima usiopandika! Faida yake yaenda kwa kijana anayehesabu franka zake kila jioni, esansi ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa. Yaenda pia kwa mama auzaye ndizi kando ya barabara, anayevuta moshi tangu asubuhi hadi usiku.

Labda mtu atauliza: «Na wale Kadhafi wanaouza esansi katika madumu, watakula nini?» Swali hilo ni la haki. Twajibu: kituo cha batri chataka watu, na anayejua kukaa barabarani na kuhudumia madereva ni yeye. Wenye kuleta biashara hii wawachukue hao kwanza.

Mwingine atasema: «Vita vitakata nyaya.» Ni kweli. Mwezi wa Kwanza 2025, vita vilipofika Goma, mji ule ulikaa siku kadhaa bila umeme. Lakini vita hufunga na barabara za malori, na bei ya esansi hupanda siku ile ile. Hakuna nguvu isiyoogopa vita. Afadhali ile iliyo karibu na nyumbani.

Tano: kobalti haitatuokoa

Limebaki neno moja la kujidanganya. Twasikia: «Dunia haiwezi kutengeneza batri bila Kongo, tungoje, utajiri utatufuata.» Ni kweli, kobalti inayochimbwa duniani karibu asilimia 70 hutoka Kongo. Lakini motokari nyingi za bei nafuu, hizo za BYD zikiwamo, hutumia batri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe. Wenye viwanda hawakutungoja. Nasi tusingoje kulishwa na madini.

Na wasituambie ya kuwa umeme hauwezi kusafirishwa. Tangu miaka ya 1980 umeme wa Inga hufika Kolwezi, safari ya kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi. Nyaya zapita juu ya vijiji visivyo na taa. Walipotaka, waliweza. Haukukosekana ujuzi; ilikosekana nia ya kuwapa watu wadogo.

Basi, ndugu wasomaji, mwulizeni kila mwenye cheo anayekuja kwenu na ahadi: Ruzizi ya tatu itatoa umeme lini, na Bukavu itapata sehemu gani? Umeme wa usiku utauzwa kwa bei gani kwa kituo cha batri? Na wewe mwenye dola zako mkononi, usiinunue motokari ya umeme mpaka umejua itakula wapi. Katika mtaa wa Ibanda kuna mahali panapoitwa Essence, jina la esansi yenyewe. Jina hilo lisitutawale milele, wala tusilifute kwa haraka ya kununua kitu tusichoweza kukilisha. Tudai umeme kwanza, motokari itafuata.