Luberizi: Wi-Fi iliyoletwa kwa jina la wahami isifichwe wahami

Mhami akifika katika kiwanja cha mtu hapa Luberizi, anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za njia. Akiomba neno la siri la Wi-Fi, mazungumzo yanakatika. Anajibiwa kwamba mega zimeisha, wakati kijana wa nyumba ameketi uani anaangalia mpira kwenye simu. Tabia hiyo ina jina: choyo.

Watu wawili watenganishwe hapa. Kijana anayenunua mega kwa franka zake na kuwauzia wapita njia kando ya barabara anafanya biashara. Aandike bei wazi, na hakuna atakayemlaumu. Lawama ni kwa ofisi, kituo au nyumba ya ibada yoyote ambayo antena yake imelipwa na wafadhili kwa ajili ya wahami, kisha neno la siri linanong'onwa kati ya wafanyakazi na rafiki zao. Mradi unaandikwa kwa jina la mhami, na mhami mwenyewe anabaki nje ya ukuta ameinua simu juu akitafuta mtandao.

Anachotafuta si mchezo. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, na vita viliposhuka bonde la Ruzizi hadi Uvira Desemba 2025, familia nyingi zilitawanyika. Kuna waliovuka mto kuingia Burundi, wakapitia Rugombo, wakapelekwa Musenyi au Busuma. Kuna waliorudi Luberizi, Sange au Luvungi wakakuta nyumba tupu. Kupiga simu ng'ambo ya mto kunamaliza unite kabla salamu hazijaisha. Sauti moja ya WhatsApp inatosha kumwambia mama kwamba mtoto wake yuko hai, na inakula mega kidogo sana. Anayemnyima mama huyo dakika tano za Wi-Fi ajue anachomnyima.

Dawa ipo, na haidai zaidi ya karatasi: kode ya QR, ile picha ya vimiraba vyeusi na vyeupe iliyobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mgeni anaielekezea kamera ya simu, anakubali, ameunganika. Hakuna herufi za kukosea, hakuna kumwita mwenye ofisi kila mara. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu iliyokwisha kuunganika inaweza yenyewe kuonyesha kode hiyo katika mipangilio ya Wi-Fi. Ichapishwe, ibandikwe mlangoni.

Wenye mashine wanaleta sababu tatu. Zijibiwe moja moja.

Ya kwanza ni usalama wa ofisi. Waelewe hivi: ndani ya kode mna jina la mtandao na neno la siri lenyewe, bila kufichwa. Mtu mmoja akiisha kuingia, simu yake inaweza kumpa mwingine, na huyo mwingine tena. Kwa hiyo kunong'ona hakulindi kitu. Kinacholinda ni mtandao wa wageni, ambao mashine nyingi za leo zinao: una jina lake na neno lake la siri, na wanaoingia humo hawagusi kompyuta za ofisi. Neno la siri libadilishwe kila juma na karatasi mpya ibandikwe.

Ya pili ni mega kuisha. Basi saa ziwekwe na ziandikwe mlangoni: labda mbili asubuhi na mbili jioni, ujumbe na sauti kwanza, video hapana. Saa chache zinazojulikana ni bora kuliko mlango unaofunguliwa kwa sura ya mtu.

Ya tatu ni serikali. Ni kweli kwamba kwa muda Starlink ilikatazwa Kongo. Lakini Mei 2025 ARPTC ilitangaza kuipa leseni. Mwenye karatasi zake sawa asijifiche nyuma ya katazo la zamani.

Hata hivyo wanaotaka kode nao wasifumbe macho. Mwizi anaweza kubandika yake juu ya ile ya kweli. Kila kode iwe na jina la nyumba na muhuri, na mtu aikague kila asubuhi. Kode ya Wi-Fi inaomba kuunganika tu. Ikifungua ukurasa unaouliza namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, simu ifungwe mara moja na wenye nyumba waambiwe.

Tena, karatasi mlangoni haimsaidii bibi mwenye simu ndogo ya kubonyeza. Kwake inahitajika simu moja ya pamoja na kijana mwaminifu wa kumsaidia kutuma sauti. Hili si ndoto ya wazungu. Kivu Kusini hii hii, katika kisiwa cha Idjwi, karibu miaka 10 iliyopita shirika Ensemble pour la Différence lilishirikiana na Mwami Ntambuka kuweka mtandao ulioitwa Pamoja Net, wenye mahali pa raia kuunganika bure. Kisiwa kilichotengwa na maji kiliweza. Luberizi iko juu ya barabara ya taifa nambari 5.

Viongozi wa kijiji, shirika la raia na kamati za wahami wana kazi moja juma hili: wapite kila mlango wenye antena iliyolipwa kwa jina la wahami, waulize kode iko wapi. Pasipo na kode, waulize sababu mbele ya watu, na jibu litangazwe kwa majina ya wahami ambao antena hiyo iliombewa.